Usimdai Ahadi, Mpe Mahali pa Kurudi

Wajukuu zangu wa Kibera, wa Makina, Lindi na Gatwekera, nanyi wa Kawangware mnaofika soko la Toi Jumamosi kutafuta nguo: leo sina bei ya kuwatajia. Nina neno, na neno lenyewe ni zito, kwa hivyo vuteni viti mkae.

Nasema juu ya vijana wanaojidhuru. Wale wanaojikata, wanaojichoma, wanaojigonga kichwa ukutani, wanaojiumiza kwa siri kwa kuwa moyoni mmejaa uchungu na hawajui pa kuutua. Mnawajua. Huenda ni yule mnayekaa naye dawati moja. Huenda ni wewe unayesoma haya huku umevuta mikono ya sweta hadi vidoleni.

Nimelijua jambo hili kwa ajili ya kazi. Muuza magauni ya mitumba haulizi siri za watu, ila siri humfuata hapo hapo alipo. Kwenye kibanda changu kuna kona niliyoifunga kwa leso mbili. Huko ndiko wateja wanakojaribia nguo. Bale likikatwa asubuhi na kamera zikatoka, zile nguo za kwanza zisizo na doa, wasichana hugombania magauni yasiyo na mikono. Kisha huja mmoja, miaka 16 au 17, jua la Januari linachoma mabati na yeye amevaa sweta nzito ya shule. Anashika gauni la samawati, analipenda, analiweka kifuani, analirudisha. Anainama karibu na sikio langu: "Shosho, hakuna lenye mikono mirefu?" Ukimpa lenye mikono mirefu anashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Hapo nimejifunza kunyamaza mbele ya watu na kusema tu, "Nguo hii nitakuwekea. Pita kesho jioni, soko likitulia, tuongee."

Sweta peke yake si ushahidi. Wapo wanaovaa kwa stara, wapo wanaovaa kwa dini, wapo wanaosikia baridi tu. Na wapo wanaojiumiza mahali ambapo hakuna nguo fupi itakayowafichua. Simwambii mtu awe mpelelezi wa mikono ya wenzake. Ninachoomba ni kwamba siku utakapoona, usikimbie na usipige yowe.

Kwanza tuyatoe njiani maneno ya mtaani yanayoumiza watu. La kwanza ni lile la "anatafuta kuonekana." Mtu anayetafuta kuonekana haombi mikono mirefu Januari. Wengi wa hawa huficha kwa miaka, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo watu sita wanalala na kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. La pili ni "hayo ni mambo ya watoto wa matajiri." Uchungu hauulizi kodi ya nyumba. Huku kwetu mtoto ana sababu tele: anapigwa nyumbani, anaguswa vibaya na mtu ambaye familia nzima inamheshimu, karo imekwama, matokeo ya mtihani yametoka na jina lake limekuwa kichekesho. Soko hili lenyewe limeungua zaidi ya mara moja: liliporwa na kuteketezwa katika fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, likashika moto tena Machi 2019, na Juni 2024 moto wa usiku ukachukua mali na roho za watu. Mtaji wa mama ukiwa jivu, mtoto husikia wazazi wakihesabu madeni gizani, naye huanza kujihesabu kuwa mmoja wa madeni hayo.

La tatu ni "hayo ni ya wasichana." Wavulana nao wamo, sema tumewapa jina lingine. Kijana anayepiga ukuta ngumi mpaka mifupa ya vidole inavimba, anayetafuta ugomvi anaojua atashindwa, tunasema ana hasira. Msukuma mkokoteni anayejitupa katikati ya magari bila kuangalia, tunasema ni sugu. Tungemuuliza tungejua.

Sasa sikilizeni namna jambo hili linavyofanya kazi, maana ukilielewa utapunguza kuhukumu. Mtu akizidiwa na huzuni, aibu au hasira, au akifa ganzi ndani hata hasikii chochote, maumivu ya mwili huyavuta mawazo yake yote mahali pamoja. Mwili nao hutoa dawa yake ya asili ya kutuliza maumivu. Kwa muda mfupi anapata ahueni. Kisha ahueni inayeyuka, aibu inaingia, aibu inaleta siri, siri inaleta upweke, na upweke unarudisha ule uchungu wa kwanza ukiwa umekomaa zaidi. Kwa hivyo anayejidhuru hajapenda maumivu. Amepata njia ya kupumua, nayo njia hiyo inamdai riba kila inapomsaidia. Kazi yetu ni kumsaidia apate njia nyingine ya kupumua kabla ya kumnyang'anya hiyo moja aliyo nayo.

Wengi hujidhuru bila nia ya kufa. Wenyewe watakwambia wanajaribu kuivuka siku. Lakini msijidanganye kwa hilo, kwa sababu anayejidhuru yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufikia siku ambayo nia itageuka. Basi muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Je, umefikiria kufa? Umefikiria kujiua?" Watu wazima huogopa swali hili wakidhani litampandia wazo. Halimpandii. Kama wazo limo, swali linampa nafasi ya kulitoa. Kama halimo, atakwambia halimo, na atajua kwamba kwako hakuna neno lisilosemeka. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari na dawa zilizozagaa nyumbani, na umpeleke hospitali mkiwa pamoja. Hilo ni la usiku huohuo. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Nikifika hapa nataka niseme lile hasa lililonifanya niwaite.

Nimewaona wazazi wengi wakigundua, na mambo huenda kwa mpango uleule: kelele, kofi, kilio, kiapo. Mtoto anawekewa Biblia au Msahafu mbele yake. "Apa kwamba hutarudia." Angefanya nini? Mama analia, baba ana mkanda mkononi, na jirani amesikia kila kitu kwa kuwa ukuta ni bati. Anaapa, na siku hiyo anamaanisha kila neno. Wiki mbili zinapita, uchungu unarudi, maana uchungu haukuapa. Anajidhuru tena. Sasa ana kidonda cha mwili na juu yake ana kiapo kilichovunjika, na kile kiapo kinauma zaidi. Mtu wa pekee ambaye angemkimbilia ni mama, na kwa mama hawezi kwenda tena kwa sababu atakuwa anakwenda kama mwongo mbele ya Mungu. Mlango umefungwa, na tumeufunga sisi tuliodhani tunamwokoa.

Kwa sababu hiyo nawaambia, wazazi na marafiki: msimdai mtu huyu ahadi. Mpeni mahali pa kurudi. Badala ya "niahidi hutarudia," mwambie, "Ikikujia tena, niite nije, au uje wewe. Na ikiwa umeshajiumiza, uje vilevile."

Wazee wa soko hili wanaijua akiba ya kila siku. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa 1996 wakati wakazi wa mitaa ya mabanda walipokuwa wakipinga kubomolewa, uliwakusanya wafanyabiashara wa Toi katika akiba ya namna hiyo. Mtozaji hupita kibanda hadi kibanda na daftari lake. Mwenye shilingi 50 anatoa 50, mwenye 20 anatoa 20. Siku usiyouza chochote mtozaji anapita vilevile, anakujulia hali, anauliza mtoto aliyekuwa na homa anaendeleaje, anaacha nafasi tupu kwenye daftari na kesho anarudi. Hafuti jina lako. Zile ulizoweka mwezi mzima hazipotei kwa ajili ya siku moja kavu.

Kupona huku nako ni akiba ya kila siku. Kijana aliyekaa siku 20 bila kujidhuru kisha akateleza ya 21, hajarudi sufuri. Zile siku 20 ni zake. Katika siku hizo alijifunza kitu: alijua saa gani za usiku ni mbaya, aligundua kwamba kuongea na fulani kunamtuliza na kuongea na fulani kunamchafua. Mtelezo huo nao una habari ndani yake, ukiuliza kwa upole. Nini kilitokea siku hiyo? Ulikuwa wapi? Ulikula? Ulilala? Na ninyi mnaomzunguka ndio mtozaji. Kazi yenu ni kupita, siku ya mauzo na siku kavu, kwa uso uleule. Mkipita siku za heri tu, daftari litakufa.

Nitawatajia mtu mmoja wa mbali. Mwaka 1961, huko Hartford nchini Marekani, msichana wa miaka 17 aitwaye Marsha Linehan alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Alikuwa akijiumiza vibaya, na madaktari wa wakati ule hawakujua la kumfanya. Alitoka, akasoma, akawa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, na akabuni tiba ambayo leo inatumika duniani kote kuwasaidia watu wanaojidhuru na wanaotaka kujiua. Tiba hiyo humfundisha mtu stadi: kuvumilia dhiki bila kuizidisha, kuitambua hisia na kuishusha, kuomba anachohitaji bila kugombana. Na msingi wake ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: nakukubali ulivyo leo, na nitakusaidia ubadilike. Hadithi yake mwenyewe aliificha kwa miaka mingi, na mwaka 2011 akaisimulia hadharani. Nawatajia huyu ili asitokee mtu wa kuwaambia kwamba mwenye makovu hana kesho.

Sasa nizungumze nawe unayejidhuru, mimi na wewe.

Mjukuu wangu, sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza kama kidonda ni kisafi. Kioshe kwa maji safi, kikandamize kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kikiwa kirefu, kikiendelea kutoa damu, au kikianza kuvimba na kutoa usaha, nenda zahanati, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Ukiwa umemeza kitu chochote, hata kama unajisikia vizuri, usingoje. Nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu kuna dawa zinazoharibu mwili polepole wakati mtu anadhani amepona.

Hamu ya kujidhuru inapokuja hukuambia kwamba itakaa milele na kwamba itazidi mpaka uitii. Si kweli. Hamu hupanda, hufika kilele chake, kisha hushuka, hata usipofanya kitu. Kwa hivyo usipambane na maisha yako yote usiku mmoja. Pambana na robo saa. Jiambie, "Nitangoja dakika 15." Katika dakika hizo nawa uso kwa maji baridi sana, mara kadhaa, maana maji baridi usoni huupunguza mwendo wa moyo na mwili wote ukatulia kidogo. Toka chumbani uende penye watu, hata kama ni kusimama tu kwa muuza chapati ukiangalia zinavyogeuzwa. Kimbia, fua, chora, andika kila tusi unalotaka kumtukana nalo aliyekuudhi kisha chana karatasi. Dakika 15 zikiisha, jiongezee 15 nyingine. Vitu unavyojiumizia mpe mtu akuwekee, ili siku mbaya isivikute karibu.

Halafu, siku uliyo mtulivu, chukua karatasi uandike mambo manne: dalili zangu za kwanza kwamba nimeanza kuzama, vitu vinavyonituliza nikiwa peke yangu, watu wawili au watatu ninaoweza kuwaendea, na namba ya kupiga wasipopatikana. Ikunje uiweke nyuma ya simu. Siku ya mawimbi kichwa hakifikiri sawasawa, ndiyo maana kichwa cha siku tulivu kiandike mapema.

Namba zenyewe ni hizi. 116 ni ya watoto na vijana, ya Childline Kenya, hailipishwi na inajibiwa usiku na mchana. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nayo ni bure, na wana washauri wa kukusikiliza. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Na kama anayekuumiza ni mtu wa nyumbani, anakupiga au anakugusa, piga 1195, ambayo pia ni bure. Huna haja ya kutayarisha maneno mazuri. Sema tu, "Ninajiumiza na nimechoka." Watakuongoza kutoka hapo.

Mchague pia mtu mmoja wa karibu umwambie. Mchague kwa tabia, usimchague kwa ukoo. Angalia ni nani akiambiwa jambo halilifikishi bombani kesho yake. Anaweza kuwa shangazi, mwalimu, kocha wa mpira, au mhudumu wa afya wa mtaani anayepita nyumba hadi nyumba. Ukishindwa kusema kwa mdomo, mwandikie ujumbe. Si lazima umwonyeshe alama wala umweleze kila kitu siku ya kwanza. Mwambie linalotosha ili asikuache.

Najua wapo wanaoogopa kwenda hospitali kwa kuhofia polisi. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoachiwa na mkoloni, kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu ingeweza kufika kifungo cha miaka miwili. Fikirieni: mtu ameokolewa wodini, na nje ya wodi askari anamngoja. Watu walidanganya madaktari kwamba walianguka, na familia zikaficha wagonjwa wao majumbani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili cha Kenya wakaipeleka sheria hiyo mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, hapa Nairobi, akaamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinamnyima mgonjwa utu wake na haki yake ya afya, na kumbagua kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hivyo nenda hospitali na useme ukweli. Mbagathi iko karibu nasi, Kenyatta haiko mbali. Ukikutana na mhudumu mwenye ulimi mkali, na wapo, muombe mwingine. Usiuchukue ulimi wake kuwa hukumu ya hospitali nzima.

Na neno "Mathari" tuache kulitumia kama tusi. Hospitali ile ya Thika Road ilianza 1910, enzi ambazo mwenye ugonjwa wa akili alifungiwa ili asionekane. Leo ni hospitali ya rufaa ambako madaktari wenyewe wanasomea kazi. Kijana akiambiwa aende kule na wenzake wakamcheka, kicheko hicho kinaweza kumrudisha gizani. Mnapotaniana sokoni, hilo liacheni.

Kwa marafiki, nina machache. Mwenzako akikufunulia, neno la kwanza litakalotoka kinywani mwako liwe "asante kwa kuniambia." Usimkodolee macho mkono, usimuulize alitumia nini, usimsimulie ya mwingine aliyezidi. Usimpige picha. Usimweke kwenye kundi la WhatsApp hata kama ni kundi la maombi. Muulize, "Unataka nikusikilize tu, au tutafute msaada pamoja?" Siri yake itunze, isipokuwa moja: ukiona maisha yake yamo hatarini, mwambie mtu mzima unayemwamini, na mwambie mwenzako kwamba utafanya hivyo. Atakununia. Heri rafiki aliyenuna na yuko hai. Nawe usijibebeshe peke yako. Mtu mmoja hawezi kuwa mtozaji wa soko zima. Gawaneni zamu, na wewe mwenyewe uwe na wa kumwambia unapochoka.

Wazazi wenzangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akikuambia anaumia, usimwambie "sisi tulilala njaa na hatukujikata." Tulilala njaa, kweli, na wengine wetu tulikufa ndani na hakuna aliyejua. Mkitaka kumwombea, mwombeeni. Mimi mwenyewe sijawahi kulala bila dua. Lakini msimshike kichwa mbele ya kusanyiko mkamtangaza kuwa ana pepo. Dua isitiriwe, na kesho yake mguu uende kliniki. Mpeni chakula na usingizi, maana mwili wenye njaa na macho mazito hauwezi kubeba huzuni. Na kama chanzo ni mkono wa mtu ndani ya nyumba, anayepaswa kuhama ni mwenye mkono huo.

Msiseme kwamba kusaidia kunahitaji digrii. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, hakuwa na wenzake wa kutosha wala majengo, akawafunza akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare jijini Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limevuka mpaka Zanzibar. Na hapa kwetu, mwaka 2018, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walikwenda katika shule moja ya sekondari ya Kibera na kuwakusanya wanafunzi 51 wenye dalili za huzuni na wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka tu sekondari. Kwa wiki nne, saa moja kwa wiki, wakazungumza juu ya namna mtu anavyoweza kukua na kubadilika, juu ya shukrani na mambo wanayoyathamini maishani. Dalili zikapungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa stadi za masomo. Mazungumzo hayo hayakuwa matibabu ya kujidhuru, na anayejidhuru anahitaji mtaalamu zaidi ya hapo. Lakini yalionyesha kwamba kijana anaweza kukaa na kijana mwenzake na kumsaidia akatoka akiwa afadhali.

Kwa hivyo wewe uliyekwisha kupata nafuu, wewe unayevaa sasa nguo unayotaka na makovu yako yakae yanavyokaa, nina ombi kwako. Huna deni la kumsimulia kila mtu. Makovu ni yako, na atakayeuliza kwa umbea mjibu "ni ya zamani" upite. Ila atakapokuja mdogo wako, akaanza kuzungukazunguka maneno, wewe utamtambua kabla yetu sote. Utajua asiambiwe nini, maana uliambiwa. Utajua kwamba hahitaji mahubiri saa mbili usiku, anahitaji mtu wa kukaa naye mpaka saa nne. Kaa naye saa hizo. Kesho mpeleke kwa mtaalamu. Kesho kutwa mpitie umjulie hali, na akikwambia ameteleza, mwambie siku alizoweka bado ziko daftarini, kisha muulize amekula nini.